Mwaka Tuliokula Bila Chumvi

Tulipomzika Senge kule Namboboto mwezi uliopita, kila aliyepewa kipaza sauti alizungumza kuhusu chakula chake. Madereva wa malori waliokuwa wakila kwake Malaba walimtuma mwakilishi, mzee mmoja mwenye tumbo la kuthibitisha maneno yake, akasema kwamba kuanzia Mombasa hadi Kampala hakuna mama aliyejua kukaanga samaki wa ngege kama Mama Taaka. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mchungaji akaongeza kwamba huko aliko sasa malaika wanaramba vidole. Mimi nilikaa kwenye hema la familia nikitazama viatu vyangu. Niliombwa niseme neno moja kama binti wa nyumba ile, nikakataa, na najua wapo walionong'ona kwamba Ajiambo amekuwa na maringo tangu afungue duka la vitambaa mjini Busia. Waseme. Nilichokuwa nacho mdomoni hakikuwa cha kipaza sauti.

Habari za ukoo nitaziacha, maana kila mtu anao ukoo na koo zote zinachosha. Inatosha kujua kwamba Senge alikuwa dada ya baba yangu, kwamba mumewe alikuwa amekwisha kufariki, na kwamba alikuwa na mtoto mmoja tu, Taaka. Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kwa kuwa msichana anayesubiri matokeo nyumbani hageuki mara mbili kabla hajapewa kazi, nilitumwa Malaba nikamsaidie hotelini. Hoteli ndivyo tulivyoiita. Lilikuwa banda la mabati lenye meza za mbao na mabenchi, jiko la kuni nyuma yake, na nyuma ya jiko chumba kimoja tulimolala sote watatu. Ukuta kati ya jiko na chumba ulikuwa wa mbao zilizoachana, kwa hiyo moshi uliingia upendavyo, na maneno pia. Mpaka leo nikisikia harufu ya kuni mbichi nakumbuka chumba kile kabla sijakumbuka watu waliokuwamo. Dirisha lilitazama foleni ya malori yaliyongoja kuvuka kwenda Uganda, na Taaka alikuwa na tabia ya kuwasabahi madereva kupitia hapo akiwa bado hajanawa uso.

Alikuwa na miaka kumi na miwili na mdomo wa mtu wa arobaini. Alijua kumwita kila mteja kwa lugha ya kwao: Mganda alimwita ssebo, Mteso alimsalimu kwa Kiteso, na dereva wa pwani alimtolea shikamoo yenye adabu zote kabla hajamwambia kwamba ugali umekwisha. Siku moja Mganda mmoja alilalamika kwamba hakuna matoke, na Taaka akamwambia, "Ssebo, kuna ugali na kuna njaa. Nikuletee gani?" Yule mtu alicheka mpaka akaagiza sahani ya pili. Mimi, niliyekuwa na cheti cha sekondari kinakuja, nilikuwa namwonea wivu mtoto yule kwa ujasiri wake. Nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda mtu wa tumbo moja nami.

Ugonjwa ulianzia vidoleni. Asubuhi alishindwa kushika kikombe, kisha jua likipanda vidole vinalegea anarudi kuwa yeye. Tukadhani ni uvivu wa kwenda shule. Ikaja homa, na Malaba wakati ule kila homa ilikuwa malaria, kwa hiyo akameza dawa za malaria, halafu za taifodi, halafu tena za malaria. Akatoka upele mwekundu kwenye mashavu yote mawili, ukapita juu ya pua. Mama Zuhura, jirani yetu fundi wa nguo ambaye mashine yake ilikuwa kibarazani karibu na mlango wetu, alisema ni jua na akamshonea kofia. Wengine walisema ni jicho la mtu. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Akiosha vyombo kwa maji baridi, ncha za vidole ziligeuka nyeupe kabisa, kisha buluu, naye akawa anatuonyesha kama mchezo. Tulicheka naye. Hatukujua kwamba pale tulikuwa tunatazama mishipa ya damu ikijifunga mbele ya macho yetu.

Halafu akakataa kulala chali. Alisema akijilaza kuna kitu kinamchoma kifuani, na akiinama mbele kinampa nafasi. Basi akawa anaketi hotelini baada ya wateja kuondoka, amekumbatia mto aliouweka mezani, amelaza shavu juu yake, anapata usingizi hivyo. Senge alivuta benchi akaketi pembeni yake, mkono wake mgongoni mwa mtoto. Asubuhi moja midomo ya Taaka ilikuwa na rangi ya majivu, na dereva mmoja aliyekuwa akirudi Mombasa akatubeba sisi watatu kwenye kabini ya lori lake mpaka Eldoret, kwenye hospitali kubwa.

Huko ndiko tuliposikia neno lupasi kwa mara ya kwanza. Daktari, mama mmoja mtu mzima mwenye sauti ya chini, alitueleza kwamba kinga ya mwili wa Taaka imegeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Senge alifikiri kidogo akasema, "Kama mbwa anayemuuma mwenye boma." Daktari akakubali kwamba ni hivyo hasa, na akaongeza kwamba mbwa huyo haumi mahali pamoja. Ameuma viungo, ameuma figo, ameuma ngozi inayozunguka moyo mpaka maji yakajaa hapo na moyo ukakosa nafasi ya kupiga. Mishipa ya damu nayo imevimba. Wakamtoa yale maji kwa sindano ndefu, maji ya manjano, nami niliyekuwa nimeshika miguu yake niliyaona. Alisema ugonjwa huu hauishi ila unaweza kutulizwa, na kwamba kwa watoto unakuja na hasira kuliko kwa wakubwa. Tukapewa masharti. Dawa kila siku bila kuruka. Asipigwe na jua. Na asile chumvi, kwa sababu figo zake hazina nguvu ya kuitoa, na shinikizo la damu litaumaliza moyo ambao tayari umechoka. Senge aliyarudia masharti hayo kwa sauti kama mtu anayekariri amri kumi.

Tuliporudi Malaba dawa zilimnenepesha uso. Shingo ikapotea, mashavu yakajaa, na watu wote wa mpakani wakaja kumpongeza Senge. Mama Zuhura alishika kidevu cha Taaka akasema, "Mashaallah, mtoto amenawiri." Madereva walisema amekuwa mama mkubwa. Kwetu mtu akitoka hospitali amenona, hakuna swali lingine. Taaka mwenyewe alijitazama kwenye kioo cha Mama Zuhura akaniambia uso wake umekuwa sahani ya kupakulia ugali. Aliudhika, lakini dawa hizohizo zilimpa njaa ya ajabu, na hapo ndipo vita vilipoanza, maana chakula chenyewe kilikuwa hakina chumvi.

Aliyewahi kula mboga za kienyeji bila chumvi anajua. Taaka alionja mara ya kwanza akaweka kijiko chini, akauliza kama tumemwosha mbuzi kwenye maji hayo. Mara ya pili alisukuma sahani. Mara ya tatu alilia, na yeye si mtoto wa kulia. Senge aliumia mara mbili: aliumia kama mama na aliumia kama mpishi. Mwanamke ambaye watu walikuwa wakisimamisha malori kwa ajili ya chungu chake alikuwa ameshindwa kumlisha mtoto wake. Alijaribu ndimu. Alijaribu nyanya nyingi, vitunguu, dania. Tukaamua sote tule bila chumvi ili Taaka asijione peke yake, na wiki hizo tulikaa mezani watatu tukitafuna bila hamu, kama watu waliogombana.

Kisha Senge akakumbuka musherekha. Kwa asiyetoka kwetu, haya ni maji ya majivu. Unakausha maganda ya maharagwe, unayachoma, majivu unayaweka kwenye kopo lililotobolewa chini, unamimina maji juu, na yanayodondoka ni maji ya rangi ya chai ambayo bibi zetu walipikia mboga ngumu zikalainika na kuwa na ladha. Kunde, mrenda, mitoo, hakuna mboga ya maana iliyopikwa bila hayo. Senge hakuvunja sharti. Chumvi ni ile ya paketi, ile nyeupe ya dukani. Ndiyo daktari aliyoikataza, na ndiyo hatukuitia kwenye chungu chetu hata punje. Maji ya majivu ni dawa ya mboga, hata mama aliyetoka kujifungua anapewa. Mimi niliyesoma kemia nikapasi ndiye niliyekwenda soko la Amukura kununua magunia ya maganda, na halikunijia wazo lolote isipokuwa kwamba magunia ni mazito. Na kwa kuwa chumvi haikuwepo, Senge alitia musherekha zaidi ya kawaida ili uzibe pengo.

Taaka akala. Alikula kunde mpaka akapangusa sahani kwa ugali, akaegemea ukuta, akasema, "Senge wenu amerudi." Alipenda kumwita mama yake hivyo kwa kunitania. Tulicheka sana siku hiyo. Zilikuwa wiki nzuri kuliko zote za mwaka ule, na siwezi kuzikumbuka bila kuona aibu ya furaha yangu. Nikiwa chumbani nilimsikia Senge jikoni akimwambia Mama Zuhura kwamba akimwona mtoto anakula, anaona kwamba yeye na huyo daktari wa Eldoret wako sawasawa. Kliniki alipoulizwa na wauguzi kuhusu chumvi, alijibu kwa fahari kwamba mtoto hajaionja tangu siku ile, Mungu ni shahidi. Alisema kweli tupu.

Katika wiki hizohizo walikuja wazee wawili wa upande wa baba yake Taaka, wakala samaki, wakaketi jikoni na Senge kuzungumza mambo ya boma. Walikuwa watu wenye heshima na hawakuwa na nia mbaya. Walitaka tu kukumbusha kwamba, Mungu apishe mbali, ikitokea la kutokea, mtoto ni wa kwao na atalala kwao, na kwamba msichana ambaye hajaolewa ana upande wake wa kuzikwa. Walinong'ona, lakini nimesema zile mbao zilikuwa zimeachana. Nilimtazama Taaka kitandani. Alikuwa macho. Akanivuta sikio akasema, "Waambie wasinichimbie karibu na choo." Nilicheka kwa kuwa alitaka nicheke. Kisha nikatoka nje nikajifanya naosha sufuria.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza akawa mchovu tena, lakini kwa namna nyingine. Hakuwa na maumivu. Alisema miguu yake ni ya mtu mwingine, kwamba anaiambia isimame nayo inamtazama. Asubuhi moja alikuwa akinisaidia kuchambua kunde, akaacha, akaweka kiganja kifuani.

"Aji," akaniambia, "moyo wangu unasahau. Halafu unakumbuka."

Nilimwambia apumzike. Nilidhani ni maji yamerudi, na Senge alidhani hivyohivyo, tukamfunika shuka, tukatafuta gari. Tulimpeleka hospitali ya karibu kwa sababu hali yake haikuturuhusu kufika Eldoret. Daktari alikuwa kijana, mwenye haraka, lakini si haraka ya dharau. Alimbandika nyaya kifuani, akatazama karatasi iliyotoka kwenye mashine, akaitazama tena, akaagiza damu ipelekwe maabara upesi. Akamchoma sindano moja na nyingine. Senge akanituma nikalete chai nje ya lango, kwa kuwa mtoto aliomba chai. Foleni ilikuwa ndefu kwa mwenye chai. Niliporudi Senge alikuwa amesimama dirishani amenipa mgongo, na daktari alikuwa ameinama juu ya kitanda. Taaka alininyooshea mkono akaniuliza kama nimemwekea sukari. Nikamwambia nimeweka. Hakuionja. Mashine ilianza kulia, wauguzi wakatusukuma nje, na adhuhuri walipotuita ndani walikuwa wamekwisha kumfunika.

Baadaye daktari aliniita kando, kwenye ukumbi wenye mabenchi, kwa sababu Senge alikuwa ameketi sakafuni hamjibu mtu. Aliniuliza na mimi nyumbani mboga zilipikwa na nini. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba yale majivu yamejaa madini yanayoitwa potasiamu, kwamba mtu mwenye figo nzima huyatoa kwa mkojo bila hata kujua, lakini figo za Taaka zilikuwa zimeumwa na lupasi, na moja ya dawa zake nayo iliyazuia mwilini. Yakajaa kwenye damu. Yakijaa, huusimamisha moyo. Alisema moyo wenyewe ulikuwa tayari dhaifu, kwamba pengine usingefika mbali. Alisema tusimlaumu mama. Nilimshika mkono wa koti, jambo ambalo msichana wa kwetu hamfanyii daktari, nikamsihi asimwambie kamwe.

"Daktari, tafadhali. Atajiua."

Alisita. Akatazama chini, akasema, "Sawa, dada," akaenda zake.

Nilirudi nyumbani na siri ile, na nikaibeba kwa miaka zaidi ya ishirini. Mazishini Senge hakulia. Wanawake walimzunguka wakapiga mayowe kwa niaba yake, naye akakaa amekauka, akimwambia kila aliyempa pole kwamba moyo wa mtoto ulikuwa umechoka. Nikaona ni heri. Baada ya hapo hakupika tena mboga za kienyeji. Alipika sukuma wiki na kabeji, akakaanga samaki, akachoma kuku. Wateja walipouliza kunde, alisema zinachosha kuchambua. Niliona ni mambo ya biashara, na moyoni nikamshukuru Mungu kwa biashara, maana iliniepusha na mtihani wa kuketi mezani mwake nikitazama sahani ile. Nilikwenda chuo, nikaolewa, nikaachika, nikafungua duka. Kila Krismasi nilikwenda Malaba, tukala, tukaongea kuhusu bei ya mafuta na wake za watu. Jina la Taaka lilipotajwa mmoja wetu alisimama kwenda kutazama jiko. Nilijiona mtu mwema sana. Nilikuwa nikitazama watu kanisani wakitoa ushuhuda wa matendo yao madogo, nikisema kimoyomoyo kwamba kuna wengine tunafanya makubwa kwa kunyamaza.

Mwaka huu Senge alishikwa na kansa ya koo. Nilimleta kwangu Busia, nikampa chumba cha mbele penye hewa. Hakuweza kumeza kitu kigumu. Mwanamke aliyelisha nusu ya madereva wa Afrika Mashariki akawa analishwa maji ya uji kwa kijiko. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo, ukitaka kumsikia unainama. Alasiri moja nilikuwa nimeketi kitandani pake nikimpa uji, akageuza uso kidogo kuashiria nisubiri.

"Ajiambo. Yule daktari alikuita nje. Alikuambia nini?"

Sikuuliza daktari gani. "Alisema moyo ulichoka, Senge."

Alifumba macho. Nilidhani amelala, nikaanza kupangusa kidevu chake. Kisha akasema, "Mimi aliniambia kwanza. Wewe ulikuwa umeenda kuleta chai."

Nilishika kile kijiko nikakosa mahali pa kukiweka. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakusema, lakini yeye alikuwa na pumzi chache na alikuwa amekwisha kupanga atakavyozitumia.

"Nilijua unajua," akasema. "Nikangoja uniseme. Kila Krismasi nasema, hii ndio atanisema. Anitukane, nilie, iishe. Hukusema. Nikajua hutaki kunisamehe."

Nikamwambia si hivyo. Nikamwambia sikutaka aumie.

"Niliumia peke yangu, mama."

Kuna watu watakaosoma hapa na kusema kwamba nilitenda kwa upendo, na ni kweli, na haikumsaidia. Nilimnyima mtu pekee ambaye angeweza kukaa naye ndani ya jambo lile. Nilimfungia mlango nikakaa nje nikijipongeza kwa kutobisha. Alinitazama akasema, "Basi sema." Nilitikisa kichwa. Akasema tena, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, "Sema, Ajiambo."

"Ni musherekha, Senge," nikasema. "Maganda nililetaga mimi, ukapika wewe, akala. Ndio ilisimamisha moyo wake."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha ikatoka sauti ambayo koo lile lilikuwa limekwisha kushindwa kuitoa kwa miezi, mayowe ya mama aliyefiwa, marefu, ya kwetu kabisa, nami nikajikuta napiga naye. Majirani wakaja mbio, wanawake wakiwa wamekwisha kujifunga leso kiunoni, mmoja akianza kulia tangu langoni. Nikawafungulia mlango nikawaambia bado hajafa, tunamlilia mtoto.